Sukuma Mpaka Achoke

Kifaru alimpiga mwenzake kikumbo cha kwanza, wakatikisika wote wawili, na darasa zima likalipuka. "Mmalize! Mmalize huyo!" Wanafunzi walikuwa wamepanda juu ya mabenchi, wengine wameshikana mashati, na yule binti aliyemtengeneza Kifaru alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza huku ameuma mdomo. Shule nzima ilimwita Tofali, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akilia, si kwa fimbo, si kwa msiba.

Ukimtazama Kifaru ungecheka. Kiboksi cha bati, magurudumu manne, betri mgongoni, mdogo kuliko boksi la viatu. Lakini hasira alizokuwa nazo sijui alizitoa wapi. Alirudi nyuma, akaja tena, akampiga mwenzake ubavuni, bati likabonyea. Akarudi, akapiga tena. Mwenzake aliburuzwa juu ya ubao mweupe, akavushwa utepe mweusi uliozunguka ukingoni, akaporomoka hadi chini. Watu wakashangilia. Ila Kifaru hakusimama. Aliendelea kusukuma, anasukuma hewa sasa, akavuka utepe na yeye, akaanguka juu ya maiti ya mwenzake. Gurudumu likachomoka, likabingirika mpaka mlangoni.

Kelele zikakatika. Mwalimu alisogea, akamwokota Kifaru kwa mkono wa kushoto. Jina lake la utani lilikuwa Mama Waya, maana mifuko ya koti lake jeupe siku zote ilikuwa inaning'inia nyaya. Alifundisha fizikia, na alasiri alifundisha roboti, na hakuna aliyemlazimisha. Likizo nzima aliketi na kompyuta akibadilisha amri zote ziwe za Kiswahili, ili watoto wasihangaike na maneno ya Kiingereza: songa, geuka, sukuma, rudia, mpaka.

"Umemwandikia nini huyu?" akauliza.

Tofali akasoma kwenye kioo cha kompyuta, sauti iko chini. "Rudia, sukuma. Mpaka achoke."

"Nani achoke?"

"Mpinzani."

Darasa lilicheka, mbavu hawana. Hata Mama Waya alicheka, halafu akashika ubavu wake mwenyewe haraka, akaacha kucheka.

"Hebu mgeuze. Ana macho mangapi?"

"Moja, mwalimu."

"Liko wapi?"

"Tumboni."

"Linaona nini?"

"Nyeupe na nyeusi."

"Basi. Anaona ubao mweupe na utepe mweusi. Sasa uchovu wa mwenzake anauona kwa kitu gani? Kompyuta imekukubalia kwa sababu kompyuta haibishi. Imechukua hilo neno lako, achoke, ikaliweka pembeni, inasubiri mtu aje aiambie kwamba tayari. Na nani atakuja? Hakuna." Aligeukia darasa zima, na alipofundisha hivi alisahau kila kitu, hata maumivu. "Sikilizeni. Ukiandika rudia, lazima uandike na mpaka. Na huo mpaka uwe kitu ambacho jicho lako wewe linaweza kukiona. Usimwekee mtu mpaka ulioko ndani ya roho ya mwenzake."

"Na kama hauonekani, mwalimu?" Tofali akauliza.

"Atarudia tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka betri ife."

Tofali hakuandika. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa mwalimu. Joto la siku ile lilikuwa la kuchemsha maji, kila mtu kakunja mikono ya shati, na Mama Waya peke yake ndiye aliyekuwa amefunga vifungo mpaka viganjani. Na kwenye kifundo, pale kitambaa kilipopanda kidogo, palikuwa na rangi ya zambarau. Mwalimu aliivuta ile nguo chini. Wanafunzi wengine wakajifanya wanatafuta gurudumu. Watoto wa shule hawafichwi kitu, jamani. Wanajua mwalimu yupi kalala vibaya na yupi kagombana na nani. Hili nalo walilijua siku nyingi.

Aliyekuwa anampiga ni mumewe, na mumewe alikuwa Kocha.

Kocha mwenyewe sasa. Ungekutana naye ungempenda, nakwambia ukweli. Mwalimu wa michezo, kifua hiki, meno meupe, kila mtoto anamjua kwa jina na kila jina kalitungia utani. Ndiye aliyekuwa mwamuzi wa kila kitu kinachoshindaniwa shuleni pale, mpira, riadha, hata kuvuta kamba. Ndiye aliyetunza sanduku la huduma ya kwanza. Akikufunga bandeji hujisikii umefungwa. Firimbi yake haikutoka shingoni, hata nyumbani aliivaa, na kabla hajapiga aliisugua kwa kidole gumba, taratibu, kama anaifuta vumbi. Mama Waya alikuwa ameshakijua kile kidole kuliko saa ya ukutani.

Walikaa nyumba za walimu, nyuma ya uwanja, chumba na sebule na jiko la kubanana. Kocha akiingia, anafungua redio kwanza. Akiongeza sauti, ujue. Juzi yake tu kosa lilikuwa kwamba mwalimu wa hesabu alimsifia mkewe mbele ya watu, akasema huyu mama ana akili ya ajabu. Kocha alicheka naye pale ofisini, akampiga bega, akasema usiniibie mke wewe. Akarudi nyumbani, akafungua redio. Alimkamata mkewe mkono akauzungusha nyuma ya mgongo, akambamiza kwenye kabati mpaka vikombe vikadondoka. "Akili ya ajabu, eeh? Nionyeshe basi hiyo akili." Teke la mbavu. "Nionyeshe." Akaendelea hivyo, anauliza na kupiga, anauliza na kupiga, na jibu lolote lilikuwa kosa, na kunyamaza nako kosa.

Alipomaliza alileta barafu. Alipiga magoti, akafunga bandeji vizuri kabisa, akasema pole mke wangu, unajua nakupenda, hasira tu. Na kesho yake asubuhi uwanjani watoto wakamkimbilia na kumning'inia shingoni.

Mtu atasema, mwanamke msomi, anakaa hapo anasubiri nini? Ni rahisi kusema. Mama Waya aliwahi kujiwekea mistari yake. Alisema, akinipiga nina mimba, naondoka. Akapigwa ana mimba. Akasema, akinitoa damu. Damu ikatoka. Akasema, siku akinipiga mbele ya mtoto, wallahi silali hapa. Na siku hiyo ikafika, akalala palepale. Kila mstari alipouvuka mumewe, yeye alichukua utepe wake akaubandua, akaenda kuubandika mbele zaidi.

Mtoto alikuwa wa kike, hajaanza shule, na waliozoea nyumba ile walimwita Kasuku kwa sababu kila alichosikia alikirudia. Ukisema "ala!" naye "ala!" Tangazo la redio analo lote. Na hofu moja tu ndiyo iliyomkaa Mama Waya kooni kama mfupa wa samaki: huyu mtoto anajifunza nini humu ndani? Vidonda vyake mwenyewe alishavizoea, Mungu amsamehe. Alichoogopa ni masikio ya Kasuku.

Jioni ile baada ya Kifaru kuanguka, alimpigia mama yake. Mkono ulikuwa hausikii, kwa hiyo aliiweka simu mezani na kufungua spika, huku akimenya viazi kwa tabu. Kasuku alikuwa sakafuni na vifuniko vya chupa.

"Mama, nimechoka."

"Kafanya tena?"

"Tena."

Bibi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya yule bibi, alimpenda binti yake. Ila alikuwa na dawa moja tu kwa kila ugonjwa. "Vumilia, mwanangu. Vumilia. Wanaume wako hivyo, atabadilika. Baba yako unamkumbuka alivyokuwa? Si alibadilika?"

"Alibadilika lini, mama?"

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Lini, mama?"

"Alipopata kiharusi," bibi akasema.

Mpaka betri ife. Mama Waya aliyasikia maneno yake mwenyewe ya darasani yakimrudia, akahisi baridi jikoni mle, karibu na moto. Chini, Kasuku alikuwa anapanga vifuniko vyake na kuimba kwa sauti ileile ya bibi, na ule mkato wake wa mwisho: "Vumilia, mwanangu. Vumilia."

"Nyamaza!" Mama Waya alimkemea kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia. Mtoto akashtuka, akajikunyata, akajifunika kichwa kwa mikono miwili. Alijua namna ya kujifunika. Mama yake alikiacha kisu, akaketi sakafuni, akamkumbatia.

Siku ya mashindano karakana ilijaa pomoni. Ilikuwa chumba cha mwisho cha jengo la sayansi, na meza kubwa katikati yenye ule ubao mweupe wa duara, na ukutani meza za kazi zenye soketi, koleo, bisibisi na vile vyuma vya moto vya kuunganishia nyaya, ambavyo watoto waliviita solda. Kanuni ya kwanza ya Mama Waya ilikuwa imeandikwa kwa chaki juu ya mlango: CHOMOA PLAGI KABLA HUJAONDOKA. Hiyo hakuwa na mzaha nayo. Mtu akiacha solda kwenye umeme anakosa kipindi.

Kasuku aliketi chini ya meza ya ukutani na vifuniko vyake, kama alivyozoea kila alasiri. Kocha akaingia na firimbi, akainua mikono kama bondia, watoto wakapiga mayowe. "Leo hapa ni damu tupu!" akasema. "Atakayelia namchapa viboko, roboti na mwenye roboti!" Wakacheka. Mama Waya akacheka pia, maana alikuwa anatazamwa.

Na kweli ilikuwa vita. Roboti ziligongana, bati likapasuka, moja ikashika moto mgongoni ikazimwa kwa mchanga. Ikafika fainali: Kifaru wa Tofali, na Buldoza wa wavulana wa mwaka wa mwisho. Buldoza alikuwa na bamba la chuma mbele na mota mbili zaidi. Vijana wake walikuwa wameshaanza kuimba.

Kocha akapuliza firimbi.

Buldoza alikuja moja kwa moja. Kishindo cha kwanza kilimgeuza Kifaru upande. Cha pili kikamnyanyua magurudumu ya mbele. "Sukumaaa!" Buldoza hakumpa nafasi, anapiga na kurudi, anapiga na kurudi, na bati la Kifaru likakunjika likawa linakwaruza ubao kwa mlio wa kutia meno ganzi. Akarudishwa nyuma, nyuma, nyuma, mpaka jicho la tumboni likafika juu ya utepe mweusi.

Kifaru akaacha kushindana. Aligeuka upande wa kulia, akasonga pembeni akiambaa ukingo, na Buldoza, ambaye alikuwa ameegemeza uzito wake wote kwa mwenzake, akapita pale alipokuwa Kifaru, akatoka nje ya meza akiwa bado anasukuma. Aliangukia kichwa. Bamba lake likamtoboa betri.

Dari karibu ling'oke. Wasichana walimnyanyua Tofali juu juu. Mama Waya aliukimbilia mkono wa Tofali akaubana. "Umemwandikia nini?"

"Sukuma, mpaka uone mstari," Tofali akasema, anahema. "Ukiuona, toka njiani."

Firimbi ikalia. Kocha alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu. "Hapana, hapana, hapana. Tulieni. Pambano linarudiwa. Huyu Kifaru kakimbia. Kwenye mchezo wangu mimi hakuna kukimbia. Unapigwa, unakaa hapohapo, unapigana kiume."

Vijana wa Buldoza wakapiga makofi. Wengine wote wakanung'unika. Na Mama Waya, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya mtu hata wa kuuza nyanya, alisikia mdomo wake ukisema:

"Hakukimbia. Aliona mstari."

"Mwalimu, mwamuzi ni mimi."

"Kanuni iko ukutani, Kocha. Anayetoka nje ya duara ndiye aliyeshindwa. Aliyetoka ni nani?"

"Buldozaaa!" karakana nzima ikajibu. Kijana mmoja wa nyuma akadakia, "Kocha kala kadi nyekundu!" na watu wakaangua kicheko, wakashikana mbavu, wengine wakaiga mwamuzi anavyotoa kadi.

Kocha naye alicheka. Alicheka kuliko wote. Akauinua mkono wa Tofali juu, akatangaza mshindi, akapiga saluti. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa kifuani, na kidole gumba kilikuwa kinaisugua firimbi, taratibu, mbele na nyuma. Mama Waya alikiona kile kidole.

Watoto walitawanyika wakiimba. Tofali alibaki kidogo, akasema, "Mwalimu, waya wa mota umelegea. Nataka kumpeleka nyumbani, bibi amwone."

"Nenda kachukue mkoba wako darasani, nitakuwa nimeshauunga."

Alichomeka solda, akasubiri ipate moto, akaanza kuunga. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Angeweza kuondoka muda ule, na nafikiri alijua. Aliunga waya. Akasikia mlango unafungwa, na komeo.

Kocha hakuwa na redio safari hii, kwa hiyo alipiga kimyakimya.

Kofi la kwanza lilimtoa kwenye kiti. Kabla hajaanguka mumewe alikuwa ameshamdaka nywele, akambamiza uso kwenye ule ubao mweupe, na damu ya pua ikaandika ubaoni mstari mrefu mwekundu. "Aliyetoka ni nani?" akamnong'oneza sikioni. "Si unajua kuuliza? Uliza tena." Akambamiza tena. "Uliza." Alimchukua Kifaru, akamtupa chini, akamkanyaga kwa kisigino mpaka magurudumu yakasambaa. Halafu akaurudia ule mkono wa kulia. Alijua unauma wapi, maana yeye ndiye aliyeufunga bandeji. Akauzungusha. Mama Waya alisikia mfupa ukivunjika, mlio mdogo tu, kama kijiti cha kuni, akaketi sakafuni, mgongo umeegemea meza ya kazi.

Hakupiga kelele. Alikuwa na kawaida hiyo, asipige kelele ili mtoto asiogope. Teke likamfikia ubavuni, na jingine, na akili yake ilikuwa imeshaanza kwenda pale ilipokwenda siku zote, kwenye kusubiri. Atachoka. Sasa hivi atachoka.

Ndipo alipoisikia sauti. Ilitoka chini ya meza, karibu kabisa na sikio lake, ndogo, tulivu, yenye upole wote wa bibi.

"Vumilia, mama. Vumilia."

Kasuku alikuwa amejikunja kule ndani, mikono kichwani. Alikuwa anamliwaza mama yake. Alikuwa anamsaidia, kwa neno pekee alilofundishwa.

Mama Waya aliinua mkono wa kushoto juu ya meza bila kutazama. Kwenye karakana yake kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kocha alikuwa ameinama kumnyanyua tena kwa nywele, na ile solda ikamwingia kwenye kiganja, ikachoma, ikatoa moshi. Alipiga ukelele ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake, akarudi nyuma, akateleza kwenye magurudumu ya Kifaru, akaanguka chali.

Sasa hapa watu hupenda kusema alijitetea, ikaishia hapo. Haikuishia hapo. Mama Waya alisimama. Mkono mmoja unaning'inia, damu mdomoni, akamwendea. Waya wa umeme ulikuwa mrefu, aliufunga yeye mwenyewe ili watoto wafikie meza zote. Alimchoma begani. Kocha akajaribu kuinuka, mkewe akamchoma shingoni. "Uliza," akasema. Hakuijua sauti yake. "Uliza tena." Akamchoma mkono aliojikingia nao, na harufu ya nyama ikajaa chumbani, na Mungu anisamehe kwa kulisema hili, ilikuwa tamu. Miaka yote ile ilikuwa inatoka kupitia ncha ya kile chuma. Kila akichoma alitaka kuchoma tena. Kocha alikuwa anajiburuza kwa mgongo, anasema mke wangu, mama Kasuku, naomba, unaniua, na maneno yale yalimwongezea hasira. Alimwekea goti kifuani. Akailenga solda kwenye jicho. Tutaona, alikuwa anajiambia. Mpaka na yeye achoke. Mpaka ajue.

Komeo likang'oka. Tofali alikuwa ameupiga mlango kwa bega, akaingia na mkoba shingoni. Aliona mara moja kila kitu: damu ubaoni, mtoto chini ya meza, mwalimu wake juu ya kifua cha mtu na chuma cha moto.

"Mwalimu!" akapiga kelele. "Mpaka hapo! Mpaka hapo, mwalimu!"

Mkono ukasimama. Ncha ya solda ilikuwa karibu na lile jicho kiasi kwamba kope zilishaanza kujikunja kwa joto. Mama Waya alimtazama Tofali, akaona machozi yanamtiririka shavuni, Tofali huyohuyo. Akageuza kichwa. Chini ya meza Kasuku alikuwa ameshusha mikono yake na kufumbua macho, anatazama, anasubiri kujua hapa kinachofuata ni nini, ili akijue na yeye.

Mama Waya akaondoa goti. Alitembea mpaka ukutani akichechemea, akachomoa plagi, akaiweka solda kwenye kishikio chake. Ndivyo alivyowafundisha.

"Njoo," akamwambia Kasuku.

Tofali alimtoa mtoto chini ya meza, akambeba mgongoni. Kocha alikuwa ameshaketi, kashika kiganja chake, na ule uso wa uwanjani ulikuwa unajaribu kurudi mahali pake. "Utaenda wapi?" akasema, na akajaribu hata kucheka. "Mama yako atakurudisha kesho. Si ndivyo siku zote? Utarudi tu."

Walitoka mlangoni chini ya ile kanuni ya chaki, wakakata uwanja katikati, mbele ya vijana waliokuwa wanacheza mpira, na mpira ukaachwa ukibingirika wenyewe. Hakuna aliyeuliza. Mama Waya hakuvuta mkono wa nguo kufunika kitu.

Barabarani alisema, nusu kwa Tofali na nusu kwake mwenyewe, "Wataniuliza nani kanivunja mkono. Nitawaambia. Wataniuliza na nani kamchoma yeye. Hilo nalo nitawaambia."

"Nilikuwepo, mwalimu," Tofali akasema. "Nitasema nilichokiona."

Simu ililia mfukoni. Alijua ni nani, habari mbaya hazina miguu lakini Kocha alikuwa na simu, na namba ya mama mkwe. Aliiacha ilie. Ikalia, ikakata, ikaanza tena.

"Ni bibi," Kasuku akasema kutoka mgongoni kwa Tofali. Alikuwa kimya tangu karakana, na kwa Kasuku kimya kile kilikuwa kirefu mno. "Mama."

"Naam, mwanangu."

"Baba akibadilika, tutarudi?"

Mama Waya alisimama. Maumivu yalikuwa yanapanda kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye taya, na barabara ilikuwa inamyumbisha. Alimsogelea mtoto, akamfuta pua kwa ncha ya koti lake jeupe, ambalo halikuwa jeupe tena.

"Hilo mimi sina jicho la kuliona," akasema. "Unaliona lile geti la bluu, la hospitali?"

Kasuku akanyoosha shingo. "Naliona."

"Na mimi naliona. Twende mpaka pale."

"Mpaka pale," Kasuku akarudia.